Sikio la Kushoto la Mzee Apolinari

Kwenye jalada la ile santuri palikuwa na picha ya waimbaji watatu, wote wanaume, suruali pana, nywele zimechanwa juu. Wa nne hakuwepo kwenye picha. Alisikika tu, upande wa kushoto, kabla gitaa halijaanza, akivuta pumzi kama mwanamke aliyetua ndoo.

Edna ndiye aliyemsikia, kwa sababu kusikiliza upande wa kushoto ilikuwa kazi yake.

Kazi hiyo hakuiomba. Baba yake, Mzee Apolinari, alitumika miaka ishirini na sita kwenye mitambo ya kiwanda cha sukari, na kelele za mitambo zikamla sikio la kushoto taratibu, kama mchwa anavyokula mlango. Alistaafu mwaka tisini na tatu, akarudi Lipangalala, Ifakara, na mashine ya kupigia santuri, spika mbili za mbao na santuri mia mbili na kitu za bendi za zamani za dansi. Nyingine alikuwa nazo mbilimbili: bendi ileile, wimbo uleule, moja ya mono na moja ya stereo. Kwenye mono, alimweleza kila mgeni kabla hata hajakaa, wote wanatokea mahali pamoja, wamebanana kama mpunga guniani. Kwenye stereo wamegawanywa: magitaa kulia, tarumbeta na waitikiaji kushoto, katikati pametulia. Raha yake yote duniani ilikuwa kuzilinganisha. Lakini mtu mwenye sikio moja atalinganisha nini? Akaazima la binti yake, wala hakusema ataazima kwa muda gani.

Basi kila siku saa tisa alasiri, Edna akishatoka shambani Idete kwa baiskeli, akishapika, akishaosha vyombo, aliwekewa kigoda mbele ya spika ya kushoto na daftari mapajani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya kujiunga na chuo cha ualimu mwezi wa kwanza. Majirani walisema ana bahati, anakalishwa sebuleni na muziki kama mke wa meneja. Hakuna aliyeuliza kama amechoka. Binti akishakaa kitako huhesabiwa amepumzika, hata kama anafanyishwa kazi kwa masikio.

"Kuna mwanamke," alisema siku ile.

"Wapi?"

"Huku kwangu. Anahema."

Apolinari aliitoa santuri, akaweka ile ya mono. Hapakuwa na mtu. Akarudisha ya stereo.

"Huyo tena," Edna alinong'ona. "Baba, hii inanuka. Kama miwa iliyoungua."

"Ni vumbi la spika. Andika. Andika anahema mara ngapi." Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeona sungura kwenye mtego.

Siku ya tatu, wimbo ukiwa katikati, sauti ilimwita. Iliita kwa upole, kama shangazi aliye chumba cha pili: Edna.

"Abee," akaitika.

Watasema alikosea. Sawa, tuseme alikosea. Lakini huyu alifundishwa tangu anaota meno kwamba ukiitwa, itika kwanza, kuuliza baadaye, na alishachapwa fimbo za kutosha kwa kuchelewa. Kijana wa kiume akinyamaza husemwa anawaza. Wa kike akinyamaza ana kiburi. Huwezi kumlea mtu miaka kumi na tisa aitike kabla hajamjua anayeita, halafu ushangae kwamba ameitika.

"Umemwitika nani?" baba yake aliuliza.

"Si mama ameita?"

Mama yake, Balbina, alikuwa kisimani.

Kuanzia hapo Edna akaanza kugeuza kichwa mtu akimsemesha, akiweka sikio la kulia mbele, vilevile kama baba yake. Alichelewa kujibu. Alikula kidogo. Balbina alidhani ni malaria, akampa dawa, akamlaza, akamwamsha kwa sababu mpunga haumngojei mgonjwa.

Halafu asubuhi moja Balbina alikuwa jikoni anachambua mchele, Edna amechuchumaa mbele yake akipuliza moto, na midomo ya binti ikafunguka na kujifunga bila kutoa kitu, na sauti yake, sauti ambayo Balbina angeitambua kati ya watoto elfu, ikasema kutoka sebuleni, kutoka ile kona ya kushoto ambako mashine ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma, "Mama, maji yamechemka," na maji yalikuwa yamechemka kweli, na harufu ya miwa iliyoungua ikaingia jikoni ikitanguliza joto lake, na Edna akajishika koo kwa mikono miwili akimtazama mama yake kama anayetazama gari likimwacha.

Ungo ulimtoka Balbina mikononi. Alimvuta binti kifuani. "Sema tena," alinong'ona. "Sema mama."

Midomo ikasogea. "Mama," kona ikasema.

Apolinari alisimuliwa, akasikiliza mpaka mwisho, akaenda sebuleni. Balbina alidhani anakwenda kuitupa ile mashine. Alimkuta amepiga magoti, anabadilisha nyaya, wa kushoto anaupeleka kulia, kwenye sikio lake zima. Akaweka sindano. Akamsikia binti yake akiitikia wimbo pamoja na wale wanaume watatu, kwa sauti safi isiyo na pumzi.

"Mama Edna," alisema polepole, "hii hakuna aliye nayo. Tanzania nzima."

Balbina alitoka nje bila kujifunga kanga vizuri.

Alikwenda kwa Bi Rabia, mjane wa mkata miwa aliyebaki Ifakara baada ya mumewe kufa, mama wa Kiislamu ambaye hata Wakatoliki walimwendea, kwa mlango wa nyuma, rozari mfukoni. Bi Rabia alikuja mchana wa Jumamosi na kikapu chake. Hakuwa na haraka wala vitisho. Alionekana mtu aliyelala saa tatu tu wiki nzima.

"Mnafuga majini?" aliuliza mlangoni.

"Hapana, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nauliza tu. Kuna wengine huniita, kumbe wanawafuga." Alimtazama Edna, akazitazama spika. Apolinari akamweleza mono na stereo, maana hakuweza kujizuia. Bi Rabia alisikiliza kwa makini.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Huyu hajawahi kuwa mtu. Anapenda penye nafasi. Ninyi mmeigawa ngoma huku na huku, katikati mkaacha mlango, halafu mkamweka msichana kizingitini."

Alimnywesha Edna kombe, maji yaliyooshea aya, akachoma ubani mpaka harufu ya miwa ikarudi nyuma. Akaamuru waya wa spika ya kushoto ung'olewe, ipigwe ile ya mono kwa spika moja, binti akae mbele yake.

"Sikiliza, mwanangu. Wao huita mara moja tu, hawana subira ya kurudia. Baba yako atakuita mara tatu. Ya kwanza, nyamaza. Ya pili, nyamaza. Ya tatu, itika kwa mdomo wako." Akamgeukia Apolinari. "Akishaitika, unaivunja ile ya stereo kwa mikono yako, leo hiihii. Sauti ikiwa imetoka, umevunja sahani tupu. Ikibaki nzima itamvuta tena. Na ikija kuvunjwa wakati sauti imerudi ndani, hiyo sauti mtaizika."

Santuri ikazunguka. Wale watatu wakaimba kutoka mahali pamoja, wamebanana.

"Edna," baba yake aliita.

Hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze akiitwa. Mwili wake haukujua. Kidevu kilipanda chenyewe, na Balbina akambana mdomo kwa kiganja, akasikia meno ya mwanawe kwenye ngozi yake.

"Edna."

Kwenye kona, spika iliyong'olewa waya ilivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kujibu kwa niaba ya mwingine, na kitambaa cha kufuma kilichotupiwa juu yake kikainuka kidogo na kushuka, na Bi Rabia akaanza kusoma kwa sauti ya chini isiyokata, na jasho likamtiririka Edna mpaka kwenye kiganja cha mama yake, na hakuitika, hakuitika, ingawa machozi yalimtoka kama mtoto aliyekosa adabu mbele za watu.

"Edna."

Balbina akaondoa mkono.

"Abee, baba," Edna alisema. Kwa mdomo wake. Akaanguka ubavu, akalala palepale.

Apolinari alisimamisha mashine, akainamia majalada, akatoa santuri kwenye lile la stereo, akaivunjia gotini, mara mbili. Uso wake ulikuwa wa msiba. Vipande wakavifukia nyuma ya choo, na Bi Rabia akaenda zake bila kumaliza chai.

Mwezi wa kwanza Edna alipanda treni kwenda chuoni, upande wa Makambako. Wiki tatu baadaye ikaja barua, mwandiko wake, mistari mifupi.

*Shikamoo mama. Sijasema neno tangu siku ya pili ya kufika. Sikio la kushoto limeziba. Mkuu wa chuo ni mwema, ameniruhusu nijibu darasani kwa kuandika, lakini anasema mwalimu bila sauti hawezi kumpitisha, atanirudisha mwisho wa muhula. Mama, ile ilivunjwa kweli?*

Balbina alichukua jembe. Akafukua nyuma ya choo, akaosha vipande kwenye karai, akaviunganisha kimoja kimoja juu ya kigoda. Kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la bendi, kulikuwa na neno dogo moja. Mono.

Alimkuta mumewe sebuleni, saa tisa alasiri, kiti kimesogezwa mpaka sikio la kulia linagusa spika.

"Edna," alikuwa anaita, taratibu.

"Abee, baba," spika ikajibu, kwa adabu zote.

Balbina alikaa chini. Miguu ilikuwa na tope, hakujali mkeka. "Ulibadilisha majalada," alisema.

"Nilitaka kuirekodi kwenye kaseti kwanza. Halafu ningeivunja."

"Lini?"

Apolinari alilishika sikio la kushoto. "Miaka ishirini na sita, Mama Edna. Wamenirudisha na sikio moja. Mimi nilikuwa na nini kingine?"

"Ulikuwa na mtoto."

"Lakini yupo. Msikilize. Anaitika vizuri."

Hakumpigia kelele. Kelele ni za mtu mwenye nguvu zilizobaki. Aliinua sindano, akatoa santuri, na Apolinari akanyoosha mkono kumzuia, halafu akaushusha mwenyewe, maana aliona jinsi mkewe alivyoishika: kwa vidole viwili, kwa kingo, kama wanavyoshika wenye kujua kwamba ikianguka imekwisha.

Bi Rabia alimsikiliza Balbina akiwa amesimama mlangoni kwake. "Ile ya mono ndiyo iliyokuwa ya kumwitia," alisema. "Na aliyeivunja ni mwenye nayo. Mimi sina mkono hapo tena, mwanangu. Mpelekee mwenyewe alipo. Sauti ikae karibu na mwili wake. Mengine tutayaona."

"Na yule mwingine? Si yumo pia humu?"

"Yumo."

Kesho yake Balbina alikaa kwenye benchi la stesheni tangu asubuhi, treni ya saa kumi. Hakuwa na mzigo ila mchele kilo tano na santuri mapajani, ameiviringisha kwenye kanga mbili ili jua lisiipinde. Mwanamke mmoja wa Malinyi, mwenye matenga ya samaki wakavu, alikaa karibu naye, wakasalimiana, wakasemeshana habari za mafuriko. Jua lilisogea. Balbina alianza kusinzia.

"Mama," sauti ilisema kutoka ndani ya kanga, bila mashine, bila sindano, bila waya. "Bado mbali?"

Ilikuwa sauti ya Edna. Au ilikuwa ya yule mwingine, amejifunza vizuri. Balbina aligundua kwamba hana nguvu ya kuzipambanua, na kwamba atalazimika kuwapakata wote wawili safari nzima.

"Bado," alijibu, akiipigapiga kanga polepole. "Lala."

Yule wa Malinyi aligeuka akitabasamu. "Mtoto anaumwa?"

"Amechoka tu."

"Hebu nimwone." Akainama, akainua pindo la kanga kwa kidole. Alikuta santuri tu, hapana mtoto. Kisha akalirudisha pindo mahali pake, akajitwisha tenga moja, akaburuta lingine, akaenda kusubiri treni juani, upande wa pili wa stesheni.