Vipimo vya Mtu Mwingine

Fundi hakuwahi kukata kitambaa bila kumpima mteja. Hata jirani yake, Mama Pasi, aliyefanya kazi ya kupiga pasi hotelini, alipimwa upya kila alipoleta sare. Fundi alimwambia kiuno hakitunzi ahadi.

Lakini siku ya kuomba hifadhi, fundi huyohuyo alitia sahihi kurasa tano bila kujua zinasema nini.

Ilikuwa hivi. Yeye na mkewe walikimbia kwao na mkasi mmoja, mtoto mgongoni. Walipofika ugenini walikutana na bwana mmoja mwenye tai, akasema anajua sheria. Hakuwauliza mengi. Aliwaandikia maelezo, akadai hayo ndiyo yanayokubalika. Wakamshukuru.

Zilipobaki siku tisa kabla ya mahojiano, Mama Pasi aliuliza wakili wao ni nani. Naye alikuwa amepita njia hiyohiyo. Fundi akamtaja yule bwana. Je, leseni yake ameiona? Fundi akajibu kwamba ameiona tai.

"Shemeji, tai hata mimi nazipiga pasi, thelathini kwa siku. Huyo ni kishoka, si wakili."

Kesho yake akawapeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja chenye viti vya plastiki. Wakili alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache. Aliwaonyesha leseni yake ukutani. Akamwita mkalimani wa lugha yao. Akawaambia siri zao hazitatoka humo bila ruhusa yao. Kisha akayasoma yale maelezo kwa sauti, sentensi moja moja, akimsubiri mkalimani.

Ukurasa wa pili fundi aliinua mkono. Maelezo yalisema yeye ni mkulima na shamba lake lilichomwa moto.

"Mimi jembe sijawahi kushika," alisema.

Wakili akaweka karatasi chini. "Basi nieleze ya kwako."

Mkewe ndiye aliyeanza. Watu wenye silaha walimtaka mumewe awashonee sare mia mbili. Akakataa. Wakamchukua kaka yake fundi, na hadi leo hajaonekana. Wakaacha ujumbe kwamba watarudi.

"Niliona aibu," fundi alisema. "Wenzangu wamechomewa nyumba. Mimi ni sare tu."

"Kaka, ungemkatia mtu suruali kwa vipimo vya mwenzake?" wakili akamuuliza. "Habari ya shamba ni ya mtu mwingine. Wakikuuliza msimu wa kupanda, utajibu nini? Ukionekana mwongo, hata la kweli halitasikika. Mtarudishwa."

Mke akauliza kama sasa watashinda. Wakili akasema hawezi kuahidi, na anayeahidi ndiye wa kuogopwa. Angeandika kweli yote, angepeleka marekebisho kabla ya mahojiano na kueleza kosa lilivyotokea, na siku yenyewe angekaa karibu na fundi.

Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Aliuliza tarehe, aliuliza mashahidi, aliuliza hata rangi ya kitambaa. Asilolijua alisema hajui, akapiga simu kuuliza. Alipomaliza akasoma tena yote kwa sauti. Fundi alimkatiza mara tatu kusahihisha, na wakili hakukunja uso. Ndipo akampa kalamu, na nakala ya kwenda nayo nyumbani.

Siku ya mahojiano fundi alianza kwa kujibu neno moja moja. Ofisa akamuuliza sare zile zilitakiwa ziwe na mifuko mingapi. Hapo akatulia. Akaeleza mifuko minne, vifuniko vyake, vifungo vyake, na kwa nini kitambaa kile kinataka sindano nene. Ilibidi ofisa amkatize.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya miezi saba.

Sasa fundi ana chumba chake cha kushonea, na wateja humtania. Akishapima, huwasomea vipimo vyao vyote kwa sauti na kuuliza kama ndivyo, kabla ya kugusa mkasi. Mama Pasi amemwomba, akifika kiunoni, apunguze sauti kidogo. Fundi hupunguza sauti. Kusoma, husoma.