Kiti Kimoja, Picha Tano

"Koti lenyewe hili hapa, mkwe wangu. Panya wamelionja kidogo kwenye kola, lakini mshono wake utauona."

Mama mkwe mtarajiwa alilitandaza juu ya meza ya sebuleni, akalipapasa kwa kiganja. Lilikuwa koti la bluu lenye kingo nyeupe, na mfukoni nembo ya mikono miwili iliyoshikana. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Wapambe wa bwana harusi walikuwa wenzake sita wa klabu ya huduma ya shule ya wavulana, na walitaka kuvaa makoti kama yale ya ujanani, ila kwa saizi ya vitambi vyao vya sasa. Na kwa kuwa bibi harusi ni fundi cherehani, kazi akapewa nani? Mimi mwenyewe. Nilicheka, nikakubali. Mapenzi yana ujinga wake.

"Alikuwa katibu wao," mama mkwe akasema. "Mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina. Wewe mwenyewe unamwitaje?"

"Katibu."

"Umeona? Hebu njoo ulione kombe."

Kombe lilikuwa juu ya kabati, linang'aa. Ukutani, juu yake, palikuwa na fremu moja yenye picha tano.

"Mwaka ule waliwashinda vijana wa shule zote. Walitoa viti vya magurudumu vitano kwa siku moja, kwa wasiojiweza. Watoto wadogo vile. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

Nilisogea. Jicho la fundi halina likizo. Picha ya kwanza, bibi mmoja amekaa kwenye kiti, wavulana wa makoti ya bluu wamemzunguka wakitabasamu. Mto wa kuwekea mkono ulikuwa umechanika, ukashonwa kwa uzi mwekundu na mtu asiyejua kushona. Picha ya pili, mzee mwingine, nyumba nyingine. Uzi mwekundu uleule, umepinda palepale. Ya nne hivyo hivyo, ya tano hivyo hivyo.

Ya tatu nilikuwa nimeiruka. Nikarudi. Mvulana wa miaka kumi na moja, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anapiga saluti akicheka, uzi mwekundu uleule chini ya kiwiko. Nilimtambua.

"Vipi, mbona kimya?"

"Nahesabu vifungo vya koti, mama," nikasema. Niliipiga ile fremu picha kwa simu, nikaaga.

Njiani simu ikaita kwa ujumbe.

"Mpenzi, koti limepatikana?"

"Limepatikana. Ukitoka kazini pitia dukani."

"Kuna nini? Mbona leo hata kamoyo hujaniwekea?"

"Pitia."

Niseme ukweli, nilimpenda mwanaume huyu mpaka nikasahau kujipenda. Tulijuana alipoleta suruali ipunguzwe kiuno. Badala ya kuondoka akakaa kwenye benchi langu, akaona ninavyohangaika kutunga uzi, akaninyang'anya sindano. Tangu hapo kila jioni alikuwa akitoka kwenye bohari ya dawa anayoisimamia, anakuja kunitungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto changu cha sindano, za kesho. Mwanamke hahongwi kwa magari tu.

Siku hiyo ya Jumatano alikuja, akakaa, mkono ukaenda kwenye sindano kwa mazoea.

"Acha hizo. Nani huyu kwenye picha ya tatu?"

Akaitazama simu yangu. "Mmoja wa watoto tuliowasaidia zamani. Umeitoa kwa mama?"

"Tulikuwa tunamwita Jenerali. Cheo alijipa mwenyewe, maana alikuwa anatuamrisha nyumba nzima akiwa juu ya mkeka. Ni mdogo wangu, Katibu."

Sindano ikamdondoka.

"Yule uliyeniambia alifariki?"

"Huyo huyo. Viti vilikuwa vingapi?"

"Fundi, sikiliza..."

"Mimi ni mshonaji. Ule uzi mwekundu nimeuona mara tano. Viti vilikuwa vingapi?"

"Kimoja," akasema.

Nikazima cherehani. Mashine ilipotulia, duka likawa kimya, nikasikia anavyopumua.

"Waamuzi wa kombe walikuwa wanaangalia picha na sahihi," akaendelea. "Mwalimu mlezi wetu ndiye aliyepanga. Kiti kimoja, basi la shule, nyumba tano. Tunafika, tunamkalisha mtu, tunapiga picha, mwenye nyumba anaweka sahihi, tunakipakia tena. Waliobaki nacho ni wa nyumba ya mwisho."

"Na wale wanne mliwaambia nini?"

"Kwamba Jumamosi tutarudi nacho."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi. Katibu ndiye msemaji."

"Basi na mimi nikwambie. Wakati huo nilikuwa kwa shangazi, nasoma. Nikirudi likizo nakuta kila Jumamosi Jenerali anadai shati lake safi, lifungwe vifungo vyote, awekwe mlangoni. Nikimuuliza unasubiri nini, ananiambia, 'Wanajeshi wangu wanaleta gari langu.' Ukijaribu kumrudisha ndani kabla jua halijazama, anakutukana. Siku nyingine alikuwa analala chali kutwa, Katibu. Mgongo ukatoka vidonda, vidonda vikaoza. Miaka miwili. Tulimzika na lile shati."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mwanaume mzima analia kwenye benchi la wateja, na nje watu wanapita na vikapu vyao.

"Ulijua hamtarudi?"

"Hapana. Mlezi alisema viti vingine vinakuja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikamwamini. Halafu tukamaliza shule, mambo yakapotea. Naapa sikujua kama kuna mtu aliumia."

"Hukujua kabisa?"

"Kabisa."

Nikamwamini. Sitajitetea, nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilimfuta machozi kwa kipande cha bitana ya makoti yao wenyewe.

"Jumapili tunakwenda kwa mama," nikamwambia. "Utamweleza kwa mdomo wako. Akikusamehe, naendelea kushona."

"Lazima tumwambie? Mzee wa watu, tutamtonesha kidonda bure."

"Lazima."

Nilikuwa sijawahi kumpeleka kwa mama. Anaishi mbali, na barua ya posa ilipokelewa na baba yangu mdogo. Alimjua kwa sauti ya simu tu, na kila wakimaliza kuongea ananiambia, "Mwanaume wako ana sauti ya kistaarabu, kama nimewahi kuisikia redioni."

Jumapili tulimkuta uani, anakunja nguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Alimpa mkono, na hakuuachia. Akamtazama muda mrefu. "Karibu ukae. Umenenepa."

Nikacheka. Nilidhani anamlinganisha na ile sauti ya kwenye simu.

Katibu hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mkekani, akaeleza yote. Mlezi, kombe, basi, nyumba tano. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anasoma taarifa mbele ya mkutano. Akamalizia, "Nilikuwa mtoto, mama. Sikujua kama kuna mtu aliumia. Naomba unisamehe."

Mama aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni, akatoa humo karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee, mwanangu. Mimi na herufi hatujuani."

Nikasoma. "Nimepokea kiti cha magurudumu kimoja kutoka kwa vijana wa klabu. Kiti hiki ni mali yangu moja kwa moja." Chini palikuwa na alama ya dole gumba ya zambarau.

"Waliandika mbili, moja wakaniachia," mama akasema. "Huyu ndiye aliyenishika kidole, akakichovya kwenye wino. Mikono yake ilikuwa laini. Sikujua kilichoandikwa. Nilidhani nakubali wapige picha."

"Mama, hili hukuwahi kuniambia."

"Bado. Mwaka uliofuata ofisi ya ustawi wa jamii ikaleta viti vya kweli. Tukaandikishwa. Siku ya kugawa, jina la mwanangu likakatwa. Dada wa ofisi akanigeuzia faili, kidole changu kile pale. Akaniambia, 'Mama, wewe umeshapata, waachie wenzako.' Nikamweleza, akasema niende kwa walionipa, waandike mstari mmoja tu kwamba kiti walikirudisha siku ileile. Nikaja na mstari huo, kiti napewa."

Katibu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nikaenda shuleni kwao," mama akaendelea, bado anakunja nguo. "Nikasimama getini tangu asubuhi. Wakaniitia katibu, kwa sababu ndiye mwenye karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, 'Mama, tukiandika hivyo tutanyang'anywa kombe.' Akaniletea maji ya kunywa. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imefika miaka kumi na minne, na ilibaki kidogo ifike kitandani kwangu.

"Katibu. Ulikuwa wewe?"

Akaangalia mkeka.

"Nakuuliza."

"Niliogopa," akasema. "Mlezi alikuwa ameniambia nikiandika nafukuzwa. Fundi, nilikuwa mtoto."

"Getini ulikuwa mtoto. Jumatano dukani kwangu ulikuwa na umri gani?"

Alinyoosha mkono kunishika gauni, nikasogea.

"Nilikuuliza mara mbili. Ukaapa. Nikakufuta machozi."

"Ningekuambia ungeniacha."

"Ungeniambia ningekurushia mkasi. Ningelia wiki nzima, ningewatukana wewe na hao wapambe wako. Halafu huenda ningekuvalia shela, maana mimi kwako nilikuwa mjinga. Sasa nitakuuliza nini tena maishani nikuamini?"

"Mpenzi, nisamehe. Mama, nisaidie kumwambia. Nifanye nini? Niambieni nifanye nini."

Mama aliweka nguo pembeni, akammiminia mgeni chai kutoka kwenye chupa. Akaniambia, "Mpe kalamu."

"Mama?"

"Mpe kalamu, mwanangu. Aandike ule mstari."

Nilirarua karatasi kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, nikampa. Akaiweka juu ya paja, akaandika. Mama akamwambia amsomee.

"Kiti kilirudishwa..." Akaanza upya. "Kiti kilirudishwa siku ileile. Mtoto hakupata kiti."

"Weka sahihi."

Akaweka. Mama aliipokea ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ile ya zamani. Kazi ya dakika mbili. Hata chai ya mgeni ilikuwa bado inatoa moshi.

"Asante," mama akamwambia. "Nimekusamehe, baba, usitembee na mzigo wangu. Ya mwanangu ni yake. Nenda salama."

Nilivua pete, nikamwekea kwenye kiganja, nikamkunja vidole mwenyewe. Hakubishana. Alitoka kwa kurudi nyuma, kama watu wanavyotoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Sikumaliza makoti. Nilirudisha vitambaa kwa wenyewe, na nembo sikuzigusa. Mama mkwe alipiga simu mara tatu. Mara ya mwisho akasema, "Mwanangu, unavunja ndoa kwa mambo ya watoto wa shule?"

"Hapana mama. Yale ya shule mama yangu ameyasamehe. Hii ni ya Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Muulize Katibu wenu."

Jumamosi iliyokuwa ya harusi ilinikuta kwa mama. Sikuwa na uso wa kukaa dukani, majirani wananipa pole kama nimefiwa. Kila asubuhi nilikuwa nikinyoosha mkono kwenye kimto na kukuta sindano hazina uzi, kisha ndipo nakumbuka. Nililia mpaka mama akanipa nguo za kufua ili nishughulike.

Saa kumi jioni, saa ambayo ningekuwa naingia ukumbini, ujumbe ukaingia.

"Niko nje ya ukumbi. Nimevaa suti. Najua huji, lakini nitakusubiri. Hata ikiwa miaka, kila Jumamosi nitakusubiri."

Nilimsomea mama kwa sauti. Sijui nilitaka aseme nini. Labda moyo ulikuwa bado unatafuta upenyo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mahali pale pale tulipokuwa tukimweka Jenerali. Aliitazama njia kwa muda.

"Mwambie asikusubiri," akasema. "Mtoto wa mwenzangu yule. Mimi nimeona kusubiri kunavyomfanya mtu. Mwambie ukweli, mwanangu, kwamba hurudi."

Nikafuta mapovu mikononi, nikaandika: "Sitarudi. Usinisubiri." Nikabonyeza, nikamwonyesha mama simu ingawa hajui kusoma. Kisha nikarudi kwenye beseni, nguo zilikuwa bado nusu.