Ijumaa Mama Mdogo Alipopita Kasablanka

Kila Ijumaa asubuhi kazi ya Ghizlane ilikuwa ile ile: kusugua punje za kuskusi kwa viganja mpaka isibaki na donge, huku bibi yake akimkagua.

"Na hilo je? Unataka wageni wang'oke meno?"

Ijumaa hii mgeni alikuwepo kweli. Mama mdogo Batoul alikuwa safarini kutoka Brussels kwenda Abidjan, na alikuwa na saa chache tu mjini kabla ya kupanda ndege ya pili. Ghizlane alimpenda mno. Alimpokea stesheni, akang'ang'ania mkono wake.

"Leo wewe ndiye mwenyeji, mimi mtalii," mama mdogo alisema. "Haya, nizungushe!"

Walikwenda ufukweni kwenye msikiti mkubwa, wimbi likawalowesha viatu. Wakapanda tramu, wakanywa maji ya machungwa sokoni. Mbele ya jengo kuukuu la sinema mama mdogo alisimama akicheka.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakuja nikitoroka shule."

"Mama mdogo! Bibi anajua?"

"Thubutu kumwambia, nitakukana mchana kweupe!"

Walipiga picha nyingi mpaka simu ya mama mdogo ikazima. Walipofika nyumbani kwa bibi, katika mji wa zamani, waliichomeka umeme chumbani, wakakaa kuizunguka sinia ya kuskusi.

Baada ya chakula bibi aliingia jikoni kuchemsha chai nyingine ya mnanaa. Mama mdogo akatazama saa ya ukutani. "Saa nane. Treni yangu ya kwenda uwanja wa ndege ni saa tisa na nusu. Bado nipo nipo," akasema, akaegemea mto.

Ghizlane alinyamaza. Serikali iliposogeza saa mbele, bibi alikataa katakata. "Jua halikusogea, kwa nini nisogee mimi?" alisema, na tangu siku hiyo saa yake ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Familia yote ilijua, isipokuwa mama mdogo, aliyekuwa hajarudi kwa miaka mingi. Mjini ilikuwa tayari saa tisa.

Akichelewa, atalala hapa, Ghizlane aliwaza. Atalala chumbani kwangu. Na mimi sijasema uongo, nimenyamaza tu.

Mama mdogo alimvuta karibu, akaanza kumsuka nywele. "Unajua, binti yangu Imane, kule Abidjan, anajifungua wakati wowote. Mtoto wa kwanza. Anaogopa sana. Nimemwahidi nitamshika mkono. Nikiikosa ndege ya leo, nyingine ni keshokutwa."

Ghizlane akajichomoa mikononi mwake.

"Mama mdogo, hiyo ni saa ya zamani! Sasa hivi ni saa tisa imepita. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka ulale hapa."

Mama mdogo aliruka kuchukua simu, mkoba na sanduku lake la safari. Bibi akatoka jikoni na birika mkononi, akaelewa, akaanza kujilaumu kwa sauti huku akimpakia mikate.

"Mama, acha mikate!"

"Utakula nini huko angani? Chukua!"

Walikimbia kwenye vichochoro, mama mdogo akihema, Ghizlane akimburuzia sanduku na kuomba njia. Walifika stesheni treni ikiwa bado imesimama. Mlangoni mama mdogo aligeuka, na Ghizlane akainamisha kichwa, machozi yakimtiririka.

"Nitazame," mama mdogo alisema kwa upole. "Umechelewa kusema ukweli, lakini umeusema. Nakupenda. Ila nisikilize vizuri: kunyamaza ili mtu apotee ni kumdanganya tu. Na ningebaki kwa kudanganywa, usingekuwa na mgeni, ungekuwa na mfungwa. Siku nyingine ukinitaka nikae, niambie."

Ghizlane alifuta machozi. "Kaa, mama mdogo."

"Siwezi, mwanangu."

Yaliuma maneno hayo, yakauma sana. Lakini mama mdogo alimkumbatia kwa nguvu, akambusu utosini, na Ghizlane hakuwa na cha kumficha tena. Treni ikaondoka.

Kesho yake, alfajiri, simu ililia. Kabla mama mdogo hajasema lolote, Ghizlane na bibi walisikia kichanga kikilia karibu kabisa na simu.