Maneno Kumi na Mawili Chooni kwa Douwe

Kwetu katika mji wa Sneek, kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni. Ukikaa pale huna kazi nyingine, kwa hiyo unasoma. Shangazi alizaliwa tarehe tatu, mjomba tarehe tisa. Ukitoka humo, hujamsahau mtu.

Lakini kalenda ya Douwe na mkewe Wietske ilikuwa na watu wa ajabu. Jumapili moja Wietske alitoka chooni akicheka.

"Douwe, huyu Kitunguu wa mwezi wa tatu ni ndugu yako wa upande gani?"

"Punguza sauti, mke wangu. Si mtu huyo. Ni yale maneno ya pochi yetu."

"Maneno gani?"

"Maneno kumi na mawili, miezi kumi na miwili. Kila tarehe mosi nimeandika neno moja. Mwizi atapekua kabati, atapekua godoro. Nani atapekua chooni?"

Alijiona mjanja kweli. Douwe alikuwa fundi wa mabasi, na Wietske aliwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka sita walikuwa wameweka akiba yao yote katika sarafu za kidijitali, zile zisizoshikika mkononi. Pochi ya sarafu hizo imo kwenye simu, na mwenye yale maneno kumi na mawili anaweza kuifungua popote alipo. Walitaka kununua duka la mikate ambalo baba yake Wietske aliliuza alipougua. Mwenye duka alikubali kuwauzia wakati wa machipuko. Sarafu zile zikipotea, hakuna duka.

Siku hiyo Douwe alikuwa na jambo jingine kichwani. Chama cha wenye sarafu cha mkoa wetu kilikuwa na mchezo wa mashindano mtandaoni, uitwao Kimbia Ulete. Mtangazaji hutaja kitu, washindani hukimbia kukitafuta majumbani mwao, kisha hukionyesha kwenye kamera. Douwe alikuwa amefika fainali. Mshindi angepata wiki nzima kisiwani Terschelling, yeye na mwenzake.

Saa tisa alasiri jirani yao, Baukje, aliingia kuja kushangilia. Baukje anafanya kazi maktaba. Kila Jumanne huwasaidia watu waliokwama na simu na kompyuta zao. Wietske alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo, kama desturi yetu.

"Leo tutaona kama fundi wetu anajua kukimbia," Baukje alisema.

"Jirani, wewe kunywa kahawa yako utazame," Douwe alijibu.

Mchezo ulianza. Watu mia tisa walikuwa wakitazama. Mtangazaji, dada mchangamfu aitwaye Fenna, alitaja soksi isiyo na mwenzake. Douwe alileta tatu. Akataja kitu cha bibi. Douwe akaleta kinu cha kahawa. Kufika raundi ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Sasa nileteeni kalenda ya chooni!" Fenna alisema. "Mfungue mwezi mmoja mmoja mbele ya kamera, tusidanganyane. Mwenye siku nyingi za kuzaliwa ndiye mshindi!"

Douwe alitoka mbio. Alirudi na kalenda, akaanza kufungua. Januari. Februari. Machi.

"Hongera, Douwe, ukoo mkubwa!" Fenna alicheka.

Aprili. Mei. Juni. Baukje aliisogelea kompyuta na kikombe mkononi. Alikuwa na udadisi wa mtu wa maktaba, hawezi kuona maandishi akayapita.

"Wietske," alinong'ona, "kwenu kuna mtu anaitwa Mwavuli?"

"Si mtu," Wietske alijibu bila kufikiri. "Ni yale maneno ya..." Akajiziba mdomo.

Julai. Agosti. Septemba.

Baukje aliweka kikombe chini na kuifunga kompyuta kwa kiganja. Pa!

"Jirani! Umerukwa na akili?" Douwe alipiga kelele. "Nilikuwa nashinda!"

"Ulikuwa unawagawia watu mia tisa ufunguo wako. Ni maneno ya pochi, sivyo?"

Douwe aliitazama kalenda. Uso ulimbadilika, akakaa.

"Wameona tisa tu," alisema polepole. "Matatu hawajayaona."

"Kompyuta inaweza kujaribu mabilioni ya michanganyiko ya maneno kwa muda mfupi," Baukje alisema. "Haichoki, haiendi kulala. Matatu yaliyobaki itayapata."

"Basi nimwambie Fenna afute video."

"Mwambie. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Unajua nani ameshairekodi?"

Wietske aliuliza kwa sauti ya woga, "Hatuwezi kupiga simu, wakafunga akaunti? Kama benki?"

"Hakuna wa kumpigia. Hapo hapana karani wala meneja. Mwenye maneno ndiye mwenye mali, awe wewe, awe mwizi. Huwezi kubadili kufuli la pochi hii. Mnachoweza ni kutengeneza pochi mpya, yenye maneno mapya, mkahamisha kila kitu."

"Nimalize kwanza mchezo," Douwe alisema. "Dakika mbili tu, Baukje. Imebaki miezi mitatu!"

"Douwe!" Wietske alisimama. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Baba yangu kila siku ananiuliza kuhusu lile duka. Terschelling nitakwenda kufanya nini, kutazama kondoo? Lete simu yako."

Douwe alileta simu.

Baukje alikaa kando akaelekeza, lakini hakuishika simu. Pochi mpya ilifunguliwa, ikatoa maneno kumi na mawili mapya.

"Andika kwa mkono," alisema, huku ameugeuzia ukuta uso. "Usipige picha. Usijitumie kwa barua pepe. Andika nakala mbili, kisha msomee mwenzako kimoyomoyo, neno kwa neno."

"Kimoyomoyo atanisikiaje?" Douwe aliuliza.

"Basi muoneshe, mbishi wewe! Mimi sitaki kusikia."

Wakahamisha kidogo kwanza, waone kama kinafika. Kilifika. Wakahamisha zilizobaki. Katika pochi ya zamani kikasalia kiasi cha kununua kikombe kimoja cha kahawa, maana Douwe alikosea hesabu ya ada ya kuhamisha.

"Nakala mbili, mahali pawili tofauti, penye kufungwa," Baukje alisema akivaa koti. "Na msiniambie ni wapi. Msimwambie mtu. Atakayewauliza maneno hayo, hata akijiita mtangazaji au mtu wa msaada, ni mwizi."

Ile wiki ya Terschelling ilikwenda kwa mwalimu mmoja wa Drachten. Jioni Douwe alinuna, akasema pengine jirani yao amekuza mambo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alifungua pochi ya zamani kwa udadisi tu. Ilikuwa tupu. Hata ile bei ya kahawa ilikuwa imechukuliwa, saa kumi na moja alfajiri.

Akamwita Wietske, wakaitazama ile sifuri pamoja. Kisha wakafungua pochi mpya. Akiba yao ya miaka sita ilikuwepo yote. Wietske alicheka na kulia kwa pamoja, na Douwe akaenda kumgongea Baukje mlango kumwomba radhi, angali amevaa ndala.

Duka walilinunua mwezi wa nne. Baba yake Wietske huja kila Jumamosi, anakaa kwenye kiti na kukosoa mikate. Wanachama wa sarafu nao huja. Juzi mmoja wao aliinama juu ya meza, akanong'ona.

"Douwe, tuambie siku hizi yale maneno unayaweka wapi. Sisi si wenzako?"

Douwe, yule aliyewahi kuwaonyesha watu mia tisa siri yake, alimtazama kwa upole. Akachukua mkate.

"Nikukatie vipande," aliuliza, "au unachukua mzima?"