Mwisho Aliosomewa Jaji

"Mimi mwisho wake ndio ulionimaliza," alisema Jaji. "Mke anakaa kitandani, anafungua dirisha, anaanza kumhesabia mumewe nyumba zote alizozijenga kabla hajavunjika mgongo. Ile ya kona, ile ya paa jekundu, ile ya mwalimu. Mpaka mume anacheka. Tangu nianze kusoma vitabu sijakutana na mwisho kama ule. Huyu mwandishi nampa heshima yake."

Watu wakatazamana.

Kila Jumapili mchana kinyozi alifunga duka lake, akavigeuza viti vikaelekeana, na wapenzi sita saba wa vitabu wakaja kutoa maoni juu ya kitabu walichokuwa wakikisoma. Aliyeogopwa kuliko wote ni huyu waliyemwita Jaji, kwa sababu hukumu zake hazikuwa na rufaa. Akisema kitabu kibovu, hata aliyekipenda alifyata mkia. Na kusifu hakukujua kabisa. Hata baada ya betri ya gari kumlipukia usoni karakanani kwake na asidi kumla macho yote mawili, aliendelea kuja. Mkewe, muuza dawa, alimsomea jioni akitoka kazini, sura kwa sura, na Jumapili alimshika mkono mpaka mlangoni kwa kinyozi.

Mwenyekiti wao, mkunga mstaafu, akakohoa.

"Jaji mwanangu, unasema kitabu gani?"

"Hikihiki. Cha fundi mwashi aliyeanguka."

"Mbona nimekisoma mara mbili na hilo dirisha sijaliona?"

Mtu mmoja akachekea puani. Jaji akawaka. Akawaambia kwamba wenye macho wanasoma kwa pupa, wanaruka kurasa kama watoto wanaotafuta picha, kisha wanakuja kujitia wajuzi. Ukibishana na kipofu juu ya jambo la macho, unaonekana mkorofi hata kama haki ni yako. Mkunga akahamisha mazungumzo. Jaji hakuwa mjinga. Dirisha moja haliwezi kuwapotea watu wote.

Wenzake walipoondoka, alimwambia kinyozi amsomee kurasa za mwisho. Kinyozi akashika ufagio. Mara nywele zimejaa sakafuni, mara miwani haioni vizuri, mara ni bora amsubiri shemeji, yuko njiani anakuja kumchukua.

"Miaka yote hii wembe wako umepita shingoni kwangu nikiwa nimefumba macho," Jaji akamwambia. "Leo unaogopa kunisomea karatasi?"

Kinyozi akaweka ufagio, akasoma.

Katika kitabu chenyewe mke anaamka asubuhi, anamwosha mumewe, anamvalisha shati safi. Kisha anamwambia: Nilikuwa nimeshaondoka kabla hujaanguka, ni miguu tu iliyochelewa. Anatoka. Mwashi anabaki anatazama dari.

"Halafu?"

"Halafu basi. Kimekwisha."

Kinyozi akajaribu kupoza mambo. Shemeji amekuonea huruma, akasema, hakutaka uumie, hata mimi ningekuficha. Jaji alitaka sana kuliamini hilo. Mkewe alipofika, Jaji akamshika bega, na njia nzima akawa analirudia kichwani. Amenionea huruma, basi. Lakini kila alipolirudia alikumbuka siku alipousifu ule mwisho nyumbani. Mkewe hakucheka wala hakuuliza kilichompendeza. Aliinuka, akaenda jikoni, akafungulia maji ya bomba na kuyaacha yakitiririka.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama. Alilihisi mkononi pale alipokaa karibu na mlango.

"Nisomee tena ule mwisho," akasema.

"Tena? Si umeshautolea maoni?"

"Nisomee."

Akachukua kitabu, akaanza. Sauti yake ilikuwa tulivu, yenye vituo mahali pake. Nyumba ya kona, nyumba ya paa jekundu. Alisoma maneno ya kujaza ukurasa mzima na zaidi, na Jaji hakusikia karatasi ikigeuzwa.

Simu ya mkewe ikalia mlio wa ujumbe. Akaacha kusoma.

"Nani?"

Jaji alimsikia akiichukua simu.

"Soma."

Akausoma ujumbe kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea kitabu: "Shemeji, Jaji ameniomba nimsomee kurasa za mwisho, nimemsomea. Sikujua la kufanya. Nisamehe."

Kitabu kikafungwa.

"Kwa nini?" Jaji akauliza.

"Niliona utaumia."

"Niumie kwa ajili ya mwashi wa kwenye kitabu?"

Jaji alikuwa na makali yake tayari kinywani, yale aliyozoea kuwamalizia watu kwa kinyozi, lakini hofu ilimshika akayameza.

"Nataka maoni yako," akasema. "Yule mke unamwonaje?"

Tangu waoane hakuwahi kumwuliza swali hilo. Zamani mkewe naye alikwenda kwa kinyozi, kikao kimoja tu. Alitoa maoni yake kwa woga, na Jaji akasema mbele ya watu kwamba mke wangu anasoma riwaya kama anavyosoma lebo za dawa: kutwa mara tatu, usizidishe. Watu walicheka, na Jaji mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Ulimi hauna mfupa. Mkewe hakurudi tena pale, na Jaji hakuuliza sababu.

"Unataka maoni ya msoma lebo?"

"Nayataka."

"Ni mwongo. Siyo siku ile alipoondoka. Zile siku alizobaki. Alipika, aliosha, majirani wakamsifu, na moyoni hakuwemo."

"Na mumewe?"

"Mumewe hakuwahi kumwuliza kitu. Alikuwa anamwambia tu."

Jaji akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Wewe ulikuwa umeshaondoka lini?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Siku ile ya betri," mkewe akasema. "Begi lilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nasubiri urudi nikuage. Ikaja simu kutoka karakanani."

"Yupo mtu?"

"Hayupo. Angekuwepo ningekuwa nimeshaondoka."

"Sasa ule mwisho wako ulikuwa wa nini? Dirisha, nyumba, kicheko. Kama hutaki kukaa, ulitunga ili iweje?"

"Nilikuwa naujaribu, Jaji. Nilisema labda nikiusikia kwa sauti yangu mwenyewe utanikaa. Uliposifu nilikwenda kulia jikoni kwa furaha. Kitu changu umekisifu. Halafu nikakumbuka kwamba ulikuwa unamsifu mtu mwingine."

"Na ulikukaa?"

"Haukunikaa."

Alikuja kupiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Mikono yake ilikuwa na harufu ya dawa na sabuni, kama siku zote.

"Nitabaki," akasema. "Ukiniambia nibaki nitabaki, na sitakusomea uongo tena. Siwezi kumwacha mtu asiyeona."

Jaji alijua anasema kweli. Wala hakuhitaji kumbembeleza. Kunyamaza tu kungetosha. Mama yake, dada yake, majirani, wote wangekuwa upande wake, maana hakuna mke anayemwacha kipofu akabaki na jina. Alimpenda mkewe wakati ule kuliko siku aliyomwoa, na aliiogopa nyumba ile bila yeye. Angemshika asimwachie. Angekuwa wake mpaka kifo, anapika, anaosha, anasoma, hayumo.

"Mpigie mama," akasema. "Weka sauti kubwa, kisha nipe simu."

"Unakwenda kunishtaki?"

"Mpigie."

Simu ikaita. Mama akapokea, akaanza kuuliza hali, vidonda, usingizi. Jaji hakumwacha amalize.

"Mama, nimemfukuza mke wangu."

"Umefanya nini?"

"Nimemfukuza. Anaondoka leo."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nimemchoka."

Mkewe akamvuta mkono kuichukua simu. Jaji akamsukuma taratibu.

"Umerukwa na akili?" Mama akapaza sauti. "Mtoto wa watu amekuogesha, amekulisha kwa kijiko, amekuongoza mpaka chooni. Ndiyo shukrani yako hiyo? Mpe simu nimwombe radhi."

"Hataki kuongea. Nimemtukana sana."

"Kumbe nilizaa mnyama," mama akasema. "Na dada yako nitamwambia. Na wajomba zako nitawaambia."

"Waambie wote, mama. Asibaki hata mmoja."

Mama akakata.

Mkewe alikuwa analia, amejishika mdomo ili asisikike, lakini Jaji alimsikia.

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Ukiondoka mwenyewe watakula nyama yako mpaka uzeeni. Ukifukuzwa watakupa pole."

"Na wewe je?"

"Mimi wataniita mnyama. Nimeshawahi kuwa, siyo uongo mkubwa."

"Jaji, ngoja tuongee."

"Tumeshaongea leo kuliko miaka yote. Nenda sasa hivi, kabla sijakuomba ubaki."

Alisikia begi likivutwa kutoka chini ya kitanda, kabati likifunguliwa, kisha viatu. Mkewe alirudi sebuleni, akasimama mbele yake. Jaji alizing'ata kingo za midomo yake mpaka akaonja damu, na hakufungua kinywa hata aliposikia mlango.

Dada yake alifika asubuhi. Hakumsalimia. Alifagia, akachemsha maji, akaweka chai mezani bila kumwambia ameiweka upande gani.