Waya kwenye Meno ya Mposaji

Ilikuwa siku ya soko mjini Arua, Uganda, mwaka wa tisini na tatu, na chumba cha redio koli, ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, kilikuwa kimejaa watu mpaka mlangoni. Amandu, kijana wa Pajulu, ndiye aliyeiendesha ile mashine na kuwaunganisha watu na mji wa Koboko, huku kila aliyekaa kwenye benchi akisikia mambo ya mwenzake. Siri haikuwepo. Mara akaingia binti mmoja aliyevaa kitenge cha manjano cha Kongo, kilemba kimekaa upande, na marashi yake yalifika kabla yake.

"Niitie Koboko. Ambia shangazi yangu Viktoria, Rosa Kiden nafika kesho."

"Niseme Rosa ya nani?"

"Ya baba yake. Wewe unataka niwe ya nani?"

Benchi lote likaangua kicheko. Amandu naye akacheka, ila mdomo ameufumba. Meno yake ya mbele yalipandana, na moja lilikuwa limevunjika pembe tangu utotoni. Hakuna kitu alichokichukia duniani kama yale meno. Rosa wala hakuyajali. Aliyapenda macho ya kijana na sauti yake nzito, na wiki iliyofuata akarudi bila kuwa na mtu wa kumpigia.

Mapenzi yakakolea. Akiwa kwao, Rosa alikuwa akipanga foleni kwenye redio ya Koboko ili amsalimu tu, kila mmoja akimaliza zamu yake kwa lile neno la redio, "ova".

"Arua, roho yangu, umekula? Ova."

"Nimekula, switi, lakini bila wewe chakula hapana tamu. Ova."

Watu wa benchi walikuwa wakikohoa makusudi.

Ndipo akaja daktari mmoja mgeni wa meno, akafungua zahanati ya muda upande wa Ediofe. Alimwambia Amandu kwamba hapakuwa na haja ya kugusa meno yote. Angefunga waya yale ya mbele tu kwa miezi michache, na yakishanyooka angebandika gamba jembamba juu ya lile lililovunjika. Amandu akakubali, wala hakumwambia Rosa kitu. Alitaka aonekane na meno mapya siku ya posa. Ujinga wa mwanamume anayependa! Mashangazi wa Koboko, bila kumuuliza mtu, wakaiwahisha posa. Waya zikiwa bado mdomoni na ufizi unawaka moto, Amandu akaenda Koboko na rafiki yake Dramadri, suti imepigwa pasi, midomo imebanwa.

Nyumbani kwa akina Rosa, mposaji hupewa firigisi ya kuku. Akiila, ameipokea nyumba na watu wake. Shangazi Viktoria akamwekea ya jogoo mzee, ngumu kweli kweli. Daktari alikuwa amemkataza kutafuna vitu vigumu, maana waya ikichomoka kazi yote imeharibika. Amandu akaikodolea macho ile firigisi. Mwishowe akaisukuma kwa Dramadri, na Dramadri, mtu wa tumbo, akaila. Mashangazi wakatazamana. Sahani zikaondolewa kimya kimya, na Rosa hakutoka kuwaaga.

Siku zikapita bila neno kutoka Koboko. Ijumaa mchana, benchi limejaa, redio ikaita.

"Arua, nipatie Amandu. Ova."

"Iko hapa, mpenzi. Ova."

"Mpenzi ya nani? Wewe umenigawa kwa Dramadri! Firigisi ya nyumba yetu unapatia rafiki! Shangazi wanasema mutu hii anadharau sisi. Kesho wanapokea watu ya mzee Jada, wanakuja kuniposa. Ova."

"Rosa, mimi hapana dharau. Ni meno. Ova."

"Meno imefanya nini? Ova."

Benchi lilikuwa limetega masikio. Amandu alilichukia lile benchi, akaichukia mashine, akamchukia daktari na kuku wote wa Koboko.

"Iko na waya kwa meno!" alipiga kelele. "Daktari amefunga meno yangu na waya, hapana weza kutafuna! Ova."

Redio ikavuma. Kisha kicheko kikalipuka Arua na Koboko kwa pamoja. Rosa peke yake hakucheka.

"Nani alikuambia meno yako iko mbaya? Mimi? Ova."

"Hapana wewe. Mimi mwenyewe. Ova."

"Siku yote hii ninakupenda na hiyo meno, na wewe unanificha! Kesho asubuhi njoo ufungue mudomo mbele ya shangazi. Usipokuja, basi, mimi naenda kwa Jada. Nimemaliza."

Kesho! Kesho ndiyo siku aliyopangiwa kutolewa waya na kubandikwa lile gamba, na keshokutwa daktari anarudi kwao. Amandu akakimbia mpaka zahanati kuomba afanyiwe siku ileile. Akajibiwa kwamba wagonjwa ni wengi, aje kesho asubuhi kama walivyopatana. Alirudi nyumbani akitukana kimoyomoyo njia nzima. Asubuhi akashika njia ya Koboko.

Watu wa mzee Jada walikuwa wameshakaa barazani. Shangazi Viktoria akamkalisha Amandu uani, jua likimpiga usoni, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole. Akatazama muda mrefu.

"Inauma?"

"Inauma, shangazi."

"Hata kulala?"

"Kulala ndiyo zaidi."

Shangazi akaufungua mdomo wake mwenyewe. Chini, mbele, hapakuwa na meno.

"Hii walinitoa na chuma, mimi bado musichana. Zamani sisi Kakwa, bila hii hakuna mwanaume anakuoa. Nililia, mama yangu anasema vumilia, hii ni ya ndoa." Akajifuta kidole kwenye kitenge. "Mutu anaumia hivi kwa sababu ya mutoto yetu, huyu hapana dharau. Rosa! Patia watu ya Jada chai, halafu warudi kwao."

Rosa akatoka jikoni, macho mekundu, hasira bado imemjaa, na Amandu akamweleza kwamba siku ya daktari ndiyo hii aliyoikosa.

"Daktari anaenda kesho?"

"Kesho."

"Na ile jino ya kuvunjika?"

"Inabaki hivyo hivyo."

"Na waya, nani atatoa?"

"Hapana jua, Rosa."

"Wewe ni mujinga, Amandu. Mujinga kabisa."

"Najua. Utakubali mimi hivi?"

Rosa akamtazama ule mdomo uliovimba, machozi yakamlengalenga.

"Nimekubali zamani. Lakini siku ingine ukiumwa, uniambie mimi kwanza, tulie wawili."

Kisha akarudi jikoni kumkorogea uji, maana tangu jana Amandu hakuwa ametia kitu tumboni.