Mbu wa Joram, Ndoa za Kadii

Foleni ya vifurushi katika posta ya Malindi ilikuwa imefika mlangoni, na Kadii hakuweza kutulia. Bahasha yake nzito aliihamisha kutoka kwapa moja hadi jingine, sketi yake ya marinda imelowa jasho kiunoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakakamaa, amekumbatia kisanduku cha bati.

"Mna nini humo?" karani akauliza.

"Mbu."

"Nini?"

"Mbu, mzee. Mia mbili na kumi na sita. Wamekufa wote."

Watu wakaangua kicheko. Kadii akashindwa kujizuia.

"Kaka, hata mbu wetu mnawahamisha?"

Kijana akageuka. "Wanakwenda Nairobi kuchunguzwa, dada. Na wewe umebeba nini?"

"Ndoa themanini."

"Zimekufa zote?"

"Baadhi bado zinapumua."

Hiyo ilikuwa Machi, mwaka wa themanini na tano. Joram alitoka Kakamega na alimfanyia kazi mtaalamu wa malaria. Kadii, mzaliwa wa Junju, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake walivyoolewa, kwa niaba ya mtaalamu wa mila. Miaka hiyo Malindi ilijaa watafiti. Mmoja alipima makaburi ya kale, mwingine alihesabu mayai ya kasa, na yuko aliyeshinda vichakani akinasa sauti za ndege. Walilala nyumba moja ya wageni, wakanywa chai meza moja, na hakuna aliyejua mwenzake anatafuta nini. Wasaidizi wao ndio waliojuana.

Mvua za masika zilipoanza, Kadii na Joram walikuwa wameshazoeana mno. Kadii alimfundisha Joram kusalimu kwa Kigiriama, naye Joram akamwonyesha mguu wa mbu kwenye hadubini. Jioni Joram alipiga simu dukani kwa Mumbua, chini ya chumba alichopanga Kadii.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Leo mama mmoja kanigeuzia maswali. Kaniuliza naolewa lini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mtu wangu bado anahesabu mbu."

Joram alicheka hadi simu ikakatika.

Kisha, ghafla, simu zikakoma. Siku tatu, wiki nzima. Kadii akasikia kwamba Joram ameomba kuhamishiwa kambi ya Magarini. Kazi ikamshinda, alimuuliza bibi mmoja swali lile lile mara mbili, akaomba radhi, akaliuliza tena. Kila kengele ya simu ilipolia dukani, alishuka ngazi pekupeku. Mwishowe akapiga mwenyewe kwenye zahanati ya Magarini, Joram akaitwa.

"Nina kazi nyingi, dada," akasema.

Dada! Neno hilo lilimchoma. Kesho yake asubuhi akajifunga leso yake mpya, akaenda Magarini.

Alimkuta chini ya turubai, ameinamia vichupa.

"Nimekuwa dada yako tangu lini?"

Joram hakuinua uso. "Tangu uliposahau daftari lako dukani kwa Mumbua. Nilipita hapo, nikalifungua. 'Mwanamume wa bara simtaki. Atakuzalisha, kisha arudi kwao.' Mwandiko ni wako, Kadii."

Kadii alimkodolea macho. Hasira ikampanda.

"Maneno hayo ni ya bibi wa miaka sitini, kule Ganda! Kazi yangu ni kuandika anachosema mtu. Wewe mbu mmoja unamtazama mara tatu kabla hujaandika neno. Mimi ulinitazama mara ngapi?"

Kijana akaweka kichupa chini. "Niliogopa kukuuliza."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba bibi huyo anasema kweli. Mkataba wangu unaisha Agosti, na napelekwa Kisumu. Nilijiona mimi ndiye mwanamume anayemsema."

"Basi utaondoka."

"Nitaondoka. Lakini sitaki kuondoka peke yangu. Nipeleke Junju Jumapili, nikamwone baba."

"Vijiji vyangu viwili havijaisha. Siachi kazi yangu njiani kwa ajili ya mtu."

"Maliza. Nitakungoja, laazizi."

Jumapili hiyo Mzee Kahindi, baba yake Kadii, aliwapokea barazani. Joram akatoa shikamoo, akaeleza haja yake bila kuzunguka. Mzee akaanza kumhoji.

"Kwenu ni mbali kiasi gani?"

"Mchana mmoja na usiku wake, baba."

"Mwanangu nitamwona lini?"

"Kila Krismasi. Nitamleta mimi mwenyewe."

"Na akiugua?"

"Nitamleta kabla ya Krismasi."

Mzee hakutabasamu. Alisogea tu kwenye mkeka, akamwachia Joram nafasi aketi. Kadii, aliyekuwa akienda na kurudi mlangoni tangu walipofika, ndipo alipoketi.